Ibada Zisizo na Mungu: Habari za Ukanamungu toka Paris hata Berlin

Miongoni mwa mas'ala ambayo wanachuoni wa kale waliyashughulikia kwa bidii, na ambayo watu wa zama zetu huyaibua kana kwamba hayakupata kuulizwa, ni hili la kujua iwapo mtu anayekana kuwapo kwa Mungu ana dini au hana. Muhammad al-Shahrastani, mwanachuoni wa Khorasan aliyefariki mwaka 1153, alipotunga kitabu chake mashuhuri cha Al-Milal wa al-Nihal, ambamo alizikusanya itikadi za walimwengu kadiri habari zake zilivyomfikia, aliwagawa watu mafungu mawili makubwa: upande mmoja akawaweka wenye dini na milla, kama Waislamu, Mayahudi, Manasara na Majusi, na upande wa pili akawaweka wafuasi wa rai zao wenyewe, wakiwamo wanafalsafa na wale walioitwa Dahriya, waliodai kwamba ulimwengu hauna Muumba wala mwanzo. Hakuwapa Dahriya daraja ya dini, lakini pia hakuwaacha nje ya kitabu chake. Na ndani ya uamuzi huo wa mtu mmoja zimo tayari pande zote mbili za hoja inayoendelea hata leo.

Wapo wasemao kwamba ukanamungu ni dini kama dini nyingine, kwa kuwa nao husimama juu ya jambo lisiloonekana, na kwa kuwa wafuasi wake huweza kuutetea kwa ukali uleule wa mashehe na mapadri. Na wapo wanaojibu kwamba kukosa kitu hakuwezi kuwa ni namna ya kuwa nacho. Mabishano haya, yakiachwa katika uwanja wa mantiki peke yake, hayana ukomo. Rai yangu ni kwamba tarehe inaweza kutuamulia pale mantiki inapoishia, kwani neno la kukana, hata likisemwa kwa ufasaha wa namna gani, halimpi mtoto jina, halimwozi kijana, wala halimziki maiti. Na kila mara wakanamungu walipotaka kuishi pamoja kama jamaa, si kama wasomaji wa vitabu tu, walijikuta wanalazimika kuyatafutia mambo hayo taratibu. Hapo ndipo dini huanza kuchungulia, na hapo ndipo tunapopaswa kuitafuta.

Tuanze na Ufaransa. Mwaka 1793, wanamapinduzi walipokuwa wamekwisha kumkata kichwa mfalme wao na kuiondoa hata kalenda ya Kikristo, wakaweka majuma ya siku kumi ili Jumapili isijulikane inaangukia wapi, kanisa kuu la Notre-Dame la mjini Paris liligeuzwa kuwa Hekalu la Akili. Tarehe 10 Novemba mwaka huo kilijengwa ndani yake kilima cha bandia, na juu ya kilima kibanda kilichowekwa wakfu kwa Falsafa, na kutoka humo akatokea mwigizaji mmoja wa kike, amevaa joho jeupe na kofia nyekundu ya uhuru, akapokewa kwa nyimbo na taadhima mahali palepale ambapo kwa karne nyingi alikuwa akisifiwa Bikira Maryamu. Walioongoza harakati hizo, akina Hébert na Chaumette, walidhani kwamba watu wakiisha kuondolewa makasisi watabaki na akili tupu. Lakini wao wenyewe, katika saa ya ushindi wao, hawakuona njia ya kuitukuza Akili isipokuwa kwa hekalu, vazi, wimbo na sura ya mwanamke aliyewekwa mahali pa juu.

Robespierre, mmoja wa viongozi wakubwa wa mapinduzi, aliwachukia kwa jambo hilo, kwani aliuona ukanamungu kuwa ni fahari ya wakubwa walioshiba, usio na faraja kwa maskini aliyedhulumiwa. Hébert na Chaumette walipokwisha kuuawa kwa tuhuma za siasa katika miezi ya Machi na Aprili 1794, serikali ilitoa amri tarehe 7 Mei kwamba taifa la Wafaransa linakiri kuwapo kwa Dhati Kuu na kudumu kwa roho; na tarehe 8 Juni, katika sherehe iliyopangwa na mchoraji Jacques-Louis David, Robespierre alishika mwenge akaitia moto sanamu ya Ukanamungu mbele ya halaiki, na majivu yalipoanguka ikaonekana ndani yake sanamu ya Hekima, imepakwa masizi na moshi. Haikupita miezi miwili naye akapelekwa kwenye mashine ileile ya kukatia vichwa, tarehe 28 Julai. Dini mbili, moja isiyo na Mungu na moja yenye Mungu aliyetangazwa kwa amri ya bunge, zilizaliwa na kufa kabla ya mwaka kutimia, na wakulima wa Ufaransa wakarejea kwa makasisi wao. Nataka msomaji aliweke jambo hili moyoni: si ukanamungu peke yake uliokufa hapo, bali na imani ya Mungu iliyoshushwa toka serikalini ilikufa vilevile.

Mfaransa mwingine, Auguste Comte, aliyeishi toka mwaka 1798 hata 1857, alitafakari msiba huo akaona kwamba kosa lilikuwa katika pupa. Hakupenda kuitwa mkanamungu, kwa sababu aliwaona wakanamungu kuwa bado wamefungwa na swali la Mungu hata wanapolijibu kwa kukataa. Lakini Dini ya Utu aliyoianzisha haikuwa na Mungu ndani yake, bali wanadamu wote, waliokufa na watakaozaliwa, ndio waliokuwa maabudu. Aliitungia kalenda ya miezi kumi na mitatu yenye siku ishirini na nane kila mmoja, akaipa miezi majina ya watu kama Musa, Homer, Aristotle, Dante na Shakespeare. Akaweka sakramenti tisa, ya kwanza ya kumwonyesha mtoto mchanga mbele ya jamaa, na ya mwisho ya kumhesabu marehemu kuwa miongoni mwa watukufu baada ya miaka saba tangu kufa kwake. Mbegu yake ilistawi zaidi Brazili, ambako kanisa la mafundisho yake lilianzishwa mjini Rio de Janeiro mwaka 1881, na ambako wafuasi wake waliifanya bendera ya jamhuri ya mwaka 1889 ibebe maneno ya Taratibu na Maendeleo yaliyotoka katika mafundisho yake. Bendera inapepea hata leo, lakini waumini hawakupata kuwa wengi, kwa kuwa Comte aliijenga nyumba yote kwa ramani yake mwenyewe kabla ya kuwauliza watakaokaa ndani wanataka milango mingapi.

Kinyume cha mambo hayo kilitukia London, tena bila kishindo. Mwaka uleule wa 1793 lilianzishwa huko kundi dogo la Wakristo waliokataa kusadiki kwamba Mungu mwenye rehema atawaadhibu waja wake milele. Kwa kuwa walikuwa wamezoea kuuliza, waliendelea kuuliza: kizazi kimoja kiliikana Utatu, kizazi kilichofuata, chini ya mhubiri wao Moncure Conway kutoka Marekani, kiliacha sala za kumwomba Mungu, na mwaka 1888 wakajiita Chama cha Maadili cha South Place. Mungu aliondoka katika kundi lao kidogo kidogo, kwa muda wa karibu karne nzima, lakini Jumapili haikuondoka. Waliendelea kukutana siku hiyo kusikiliza hotuba na muziki, na mwaka 1929 wakafungua jumba lao, Conway Hall, wakaliita kwa jina la mhubiri wao wa zamani. Hawakufuata amri ya mfalme wala maagizo ya mwanafalsafa. Walikuwa jamaa waliobadilika pamoja, na jamaa hao wapo hata sasa.

Lakini jaribio kubwa kupita yote lilikuwa la Urusi, nalo linastahili kuelezwa kwa upana, kwa kuwa huko ukanamungu ulipewa dola yenye ardhi kupita dola zote, shule zote, magazeti yote na askari wote. Hata kabla ya mapinduzi, mjamaa Anatoly Lunacharsky alikuwa ameandika, tangu mwaka 1908, kwamba ujamaa ufanywe kuwa dini ya watu, yenye uwezo wa kuwasisimua na kuwakusanya. Na Lenin, aliyechukizwa na harufu yoyote ya ibada, alimkemea vikali. Mapinduzi yalipokuja, amri ya mwanzo wa mwaka 1918 ilitenga kanisa na serikali, na shule na kanisa. Mwaka 1922 likaanza kutoka gazeti lililoitwa Asiye na Mungu, na mwaka 1925 kikaundwa chama chenye jina la namna hiyo, chini ya Yemelyan Yaroslavsky, ambacho mwanzoni mwa miaka ya 1930 kilidai kuwa na wanachama zaidi ya milioni tano.

Tazama sasa wanachama hao walifanya nini. Mtoto alipozaliwa, badala ya kupelekwa kanisani kubatizwa, alipelekwa katika klabu ya kiwanda, akapokewa mbele ya bendera nyekundu, wazazi wakaahidi kumlea katika njia ya ukomunisti, na mtoto akapewa jina jipya: Oktyabrina kwa kuukumbuka mwezi wa mapinduzi, au Vladlen kwa kumkumbuka Vladimir Lenin, au Ninel, ambalo ni Lenin lililosomwa kinyumenyume. Katika nyumba ya mkulima wa Kirusi ilikuwapo tangu kale pembe moja iliyotengwa kwa ajili ya sanamu za watakatifu. Sasa katika kila klabu, kambi na shule ikatengwa pembe nyekundu ya kutundika picha ya Lenin. Na Lenin mwenyewe, aliyeichukia ibada, alipofariki tarehe 21 Januari 1924 hakuzikwa: mwili wake ulitiwa dawa, ukajengewa nyumba ya mbao na baadaye ya mawe, na watu wakapanga safu ndefu katika baridi ili wapite mbele yake kimya, katika nchi ambayo miaka michache nyuma masanduku ya watakatifu yalifunguliwa hadharani ili kuwathibitishia wakulima kwamba mwili wa mtu mwema huoza kama mwili wa mtu yeyote.

Mkono wa harakati hizo haukuwagusa Wakristo peke yao. Katika miji ya Bukhara, Samarkand na Tashkent, iliyokuwa chemchemi ya elimu ya Kiislamu tangu zama za akina Imam Bukhari, misikiti ilifungwa au kugeuzwa maghala, madrasa zikafutwa, na herufi za Kiarabu zikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1920, hata mjukuu akashindwa kuisoma barua ya babu yake. Mjini Moscow kanisa kuu la Kristo Mwokozi, lililokuwa limewekwa wakfu mwaka 1883, lilibomolewa kwa baruti tarehe 5 Desemba 1931. Makasisi, mashehe na marabi kwa maelfu walifungwa na kuuawa, na hakuna mwandishi mwenye haya anayeweza kulipita jambo hilo kwa maneno mepesi.

Na matunda yake yalikuwa nini? Mwezi wa Januari 1937 serikali ilifanya sensa, na Stalin mwenyewe akataka watu waulizwe kuhusu dini, kwa kutumaini kwamba hesabu ingemtangazia ushindi. Baada ya miaka ishirini ya mafundisho na vitisho, zaidi ya nusu ya watu wa umri wa miaka kumi na sita na kuendelea walijibu, mbele ya karani wa serikali, kwamba wao ni waumini. Hesabu hizo zilifichwa, na wakuu wa sensa wakakamatwa. Vita vya Wajerumani vilipoifikisha nchi karibu na kuangamia, Stalin aliwaita maaskofu watatu Kremlin mnamo Septemba 1943, akawaruhusu wachague patriaki, na mwaka huohuo Waislamu wa Asia ya Kati wakapewa idara yao mjini Tashkent; chama cha wasio na Mungu kikavunjwa miaka michache baadaye, na hakuna aliyekililia. Kanisa lililobomolewa lilijengwa upya mahali pake, na mwaka 2000 likawekwa wakfu mara ya pili.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo haki inatulazimisha kulisema. Serikali ya Urusi ilipoacha kutunga dini ya kushindana na dini, ikajishughulisha na haja za watu, ilifanikiwa. Mwaka 1959 ilifunguliwa mjini Leningrad Kasri ya Ndoa, nyumba nzuri yenye muziki na mazulia, ambamo bwana na bibi arusi walipokewa kwa heshima badala ya kusimama mbele ya karani katika chumba chenye vumbi. Na watu wakaizoea desturi ya kutoka hapo kwenda kuweka maua kwenye makumbusho ya askari waliokufa vitani. Dola iliyoanzisha mambo hayo imekwisha kutoweka, lakini maarusi wa huko bado hupeleka maua. Watu walishika kilichowafaa katika siku kubwa ya maisha yao, wakayaacha mengine yaanguke na wenyewe.

Ushahidi ulio wazi kuliko huo unapatikana Ujerumani. Katika miaka ya 1850, makundi ya Wajerumani waliojitenga na makanisa yao kwa kudai uhuru wa dhamiri yalikabiliwa na shida ya watoto waliofikia umri wa miaka kumi na minne, ambao kwa desturi hupata kipaimara kanisani na baada yake huhesabiwa kuwa wamevuka utoto. Wazazi hao hawakutaka kipaimara, lakini hawakutaka pia watoto wao wavuke mpaka huo gizani, bila ya ndugu kukusanyika wala neno la nasaha kusemwa. Basi wakaweka sherehe yao, inayoitwa Jugendweihe, jina lililotumiwa na mhubiri Eduard Baltzer mwaka 1852. Vyama vya wafanyakazi viliipokea mwishoni mwa karne hiyo. Mwaka 1954 serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki iliinyakua, ikaitia kiapo cha utii kwa dola na kitabu cha sayansi kilichotolewa zawadi kwa kila kijana, na ikawabana wazazi waliokataa, hata mtoto asiyeapa aliweza kuona milango ya elimu ya juu ikifungwa mbele yake. Makanisa yalipinga kwa miaka michache, kisha yakalegea, na vijana karibu wote wa nchi hiyo wakaipitia.

Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa mwaka 1989, na dola ile ikafa mwaka uliofuata, wengi walitazamia kwamba sherehe nayo itazikwa katika kaburi moja na kiapo chake. Kiapo kilizikwa kweli, lakini sherehe ilibaki. Familia za mashariki mwa Ujerumani, bila kushurutishwa na mtu yeyote, zinaendelea kila mwaka wakati wa majira ya kuchipua kuwavisha watoto wao nguo nzuri, kuwaita mababu na mabibi, kusikiliza hotuba na muziki, na kula pamoja. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hatalistaajabia jambo hili, kwani jando na unyago vimeonekana vikiishi pamoja na Uislamu na Ukristo katika nyumba zilezile, vikiwa vimezitangulia dini zote mbili, kwa sababu haja ya kumvusha mtoto kuingia utu uzima haingojei mafundisho ya mtu yeyote. Jugendweihe ilizaliwa kwa haja hiyo, ikatekwa na serikali kwa miaka thelathini na mitano, kisha ikarudi kwa wenyewe.

Mahakama nazo zimelazimika kulijibu swali hili, na majibu yake hayakufanana. Mwaka 1980 jaji wa London, akiamua shauri la jamaa wale wa South Place, alisema kwamba chama chao si cha dini, kwa kuwa dini inahusu mtu na Mungu wake, na maadili yanahusu mtu na wenzake. Lakini aliwapa hadhi ya chama cha hisani kwa sababu ya elimu waliyoitoa. Mwaka 2005 mahakama ya rufani ya Marekani iliyoko Chicago, ikisikiliza shauri la mfungwa aliyenyimwa ruhusa ya kuunda kundi la kujisomea la wakanamungu, ilisema kwamba mbele ya katiba ya nchi hiyo ukanamungu wake utendewe kama dini. Mtu aweza kudhani kwamba mahakama hizo zinapingana. Kwangu mimi zinakamilishana, kwa kuwa ya kwanza iliulizwa dini ni kitu gani, na ya pili iliulizwa ni nani anayestahili kulindwa katika dhamiri yake.

Tofauti hiyo inatuhusu sisi pia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, kisha inasema kwamba hakutakuwa na dini ya dola, na inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra na itikadi. Mwaka 2016 chama cha wakanamungu kiliandikishwa nchini humo, na katika mwaka huohuo uandikishaji wake ukasimamishwa kwa madai ya kulinda amani, hata jambo likafikishwa mahakamani. Tanzania nako, Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa, alishikilia kwamba serikali haina dini ingawa watu wake wanazo, na kwamba ujamaa alioutaka haumlazimishi mtu kumkana Mungu wala kumkiri. Aliyaona yaliyotendeka Urusi, naye hakutaka kuiingiza nchi yake katika njia hiyo.

Basi nikiulizwa kama ukanamungu ni dini, nitajibu kwamba kumkana Mungu ni kauli, na kauli haiwi dini mpaka ipate watu watakaozaliana, kuoana na kuzikana chini yake. Wengi wa wakanamungu hawajapata kuyataka hayo, na kuwaita watu wa dini ni kuwatwisha mzigo wasiouchukua. Lakini wale wa London na wale wa Ujerumani, waliokaa pamoja vizazi kadhaa wakitunza siku zao na kuwavusha watoto wao, wana milla kamili hata kama hawana Mungu, na Shahrastani angekuwa hai leo angelazimika kuwaongezea mlango katika kitabu chake. Wale wa Paris na Moscow walikuwa na mahekalu, sanamu na mashahidi wao, lakini walikosa ridhaa ya watu, na pasipo ridhaa hakuna dini, iwe ya Mungu au isiyo na Mungu. Kwa hiyo sisi tunaoamini hatuna la kuogopa kwa jirani asiyeamini, na tuna wajibu wa kumlindia haki yake kwa nguvu ileile tunayolindia yetu. Tunalopaswa kuliogopa, na kulikataa kila linapojitokeza, hata likija na jina la Mungu mdomoni, ni mkono wa dola unaotaka kuingia katika moyo wa mtu na kumwamulia anachokiabudu.